Leo Saa Kumi na Mbili Nitakutosha mu Grupe

Kirotshe, siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu

Faida, dada yangu,

Ninakuandikia na biki, mu kaye ya hesabu ya mutoto wangu Sifa, juu sina tena njia ingine ya kukuambia kintu bila muntu mwingine kusikia. Unajua maandiko yangu. Nilitoka masomo mwaka wa tatu, siku baba alisema ngombe zimekosa muchungaji. Ulikuwa unanichekaka: «Mama Sifa, herufi zako ziko kama kuku zimetembea ku majivu.» Leo usicheke. Ao cheka tu, itakuwa kama uko hapa.

Hapana kama simu haiko. Simu iko, iko hapa ku magoti yangu, na charge. Lakini namba yako haiko yako tena, na miye nilichelewa kukubali ile. Nilichelewa sana.

Leo saa nane wazee wa kanisa walikaa. Waliniita. Walisema: Mama Sifa, wewe njo admini. Saa kumi na mbili ya magaribi, mbele ya maombi, tosha namba ya Faida mu grupe, iende inje. Nilijibu ndiyo. Sikuongeza kintu. Na ile kintu yenye sikuongeza njo inanikalisha hapa na biki.

Acha nianze mbali kidogo, juu nikianza karibu nitashindwa.

Unakumbuka ginsi kanisa yetu ya Karuba ilisambaa. Siku mabomu yalianguka pale juu, kila muntu alishuka na muteremuko wake. Sisi tulifika huku Kirotshe, pembeni ya ziwa, mu nyumba ya mbao nyuma ya hospitali. Wewe na bwana yako, Papa Faraja, mulienda mbali, ku Pinga, kwa ukoo wake. Wengine Goma, mu kambi, chini ya bashi ya plastiki. Wengine hatukujua hata kama wako. Walituambia kanisa ilibaki mulango wazi, mbuzi ndani. Nililia, nikasema basi, imekufa. Nyuma ya juma mbili simu ya Sifa ikalia. Ulikuwa umetuingiza mu grupe ya WhatsApp yenye uliita «Kanisa ya Karuba, Popote Tuko». Tulikuwa watu wane. Wane tu, na mumoja wao alikuwa Sifa, mutoto.

Kumbe wewe ulikuwa unasimama ku parking ya moto ku Pinga kila siku ya soko, unauliza motari na watu wa biashara: hamukuona Papa Kalinda? Ule muzee wa kofia, wa Karuba? Hamukuona Mama Bora, mwenye sauti kubwa? Namba moja moja, sawa muntu anaokota maharagi yenye imemwangika ku njia. Tukawa kumi. Tukawa wengi, mupaka sikuweza tena kuwahesabu na vidole.

Na ulituongoza vile ulikuwa unaongozaka korali. Uliamuru tuseme na sauti, hapana kuandika, juu wamama wengi hawasomi. Asubuhi ulituma musitari mumoja wa Biblia kwa odio, na odio haikupita dakika mbili. Ulisema: «Mega ya internet ya muntu wa kambi iko chakula ya watoto wake, asiipotezee kwa mahubiri.» Papa Muchungaji hakufurahi, lakini alijifunza kufupisha. Kisha kila muntu anajibu neno moja: Niko. Hapana picha za maua, hapana amina makumi tatu. Niko. Muntu akipitisha siku mbili bila kusema Niko, ule mwenye iko karibu naye anatembea na mugu kwenda kumuona. Ile mama wa Goma, unakumbuka, tulimukuta na malaria, peke yake, midomo imepasuka. Njo hapo niliamini. Nilisema, hii kintu haiko mchezo ya vijana. Hii iko kanisa.

Ulitufundisha hata kuimba mu simu. Soprano ya Pinga, tenori ya Goma, sisi alto wa Kirotshe, kila muntu anaimba sehemu yake na kutuma, na wewe unasikiliza kama mwalimu na fimbo. «Alto ya Kirotshe inakimbia kama mbuzi yenye imeona mvua. Murudilie.» Tulirudilia pale ku ziwa, na nguo za kufua mikononi.

Lakini kazi yako kubwa ilikuwa maombi. Ulikataa muntu aseme tu «muniombee». Ulisema sala bila jina iko kama barua bila adresi. Muntu aseme: nani, wapi, saa ngapi. Nilikuuliza kama Mungu hajui ile yote. Ukanijibu, bado ninayo ile odio: «Mungu anajua, Mama Sifa, lakini sisi hatujui, na sisi njo tunapiga magoti.» Siku muke wa shemasi aliingia ku hospitali kuzaa, saa tatu, kanisa yote ilipiga magoti saa tatu, kutoka Pinga mupaka Goma. Muntu alikuwa shambani, alipiga magoti mu matope. Mutoto akatoka, wakamuita Maombi. Anatembea sasa. Anakula vizuri, nilimuuliza mama yake jana.

Na miye ulinifanya admini. Nilikataa. Nilisema sijui kusoma vizuri, nitaharibu. Nilikuwa nimeshatuma ile odio ya kutukana mbuzi ya jirani ku kanisa yote. Ukasema: «Unajua kuuliza watu kama wamekula. Admini iko ile tu.» Ni kweli, nilikuwa nauliza kila asubuhi, nyuma ya Niko: mumekula? Ulinichekesha: «Siku Yesu atarudi, wewe utamuuliza kama alikula ku njia.» Nitamuuliza, ndiyo. Iko safari ndefu.

Sasa unakumbuka habari ya Papa Kalinda.

Kidole yangu iliteleza, na simu ikaandika mbele ya watu wote: Mama Sifa amemutosha Papa Kalinda. Kidogo tu, na herufi za rangi ya majivu. Lakini unajua hii neno kutosha ginsi iko kwetu. Muntu mwenye kanisa imemutosha juu ya zambi, haimbi, hafiki ku meza ya Bwana, anakaa ku benchi ya nyuma karibu ya mulango, na watu wanapita pembeni yake na macho chini. Ule muzee alikaa siku mbili bila kula. Siku ya tatu alitembea na fimbo yake mupaka kwetu, akasimama inje, kofia mukononi. Nilimuambia aingie. Hakuingia. «Mama Sifa, miye ni muzee. Uniambie tu zambi yenyewe, nitubu.» Nilimupa kiti, nilimupa uji, nilimurudisha mu grupe mbele ya macho yake, na wewe ukacheka mupaka ukakohoa mu odio. Watu wote walicheka. Hata yeye. Lakini miye nilikuwa nimeona ile kofia ginsi aliikunja mikononi. Nikaapa ndani ya roho: hii kidole haitatosha muntu tena.

Kisha ikakuja siku yako.

Ulikuwa unakuja kutuona. Ulisema umechoka kutusikia bila kutuona, utakuja kutunyoosha alto na mukono yako. Ulipanda moto ku Pinga asubuhi. Mbele ya kufika Masisi watu wa bunduki waliwasimamisha. Wewe na motari. Sitaandika ingine.

Ndugu walikurudisha Pinga, walikuzika kule, na miye nilikuwa huku. Bwana yako aliweka simu yake karibu ya shimo ili tusikie. Faida, tulisikia udongo. Kila muntu fasi yake, wengine shambani, wengine chini ya bashi, tunaweka simu ku sikio na kusikiliza udongo unaanguka. Hapana muntu aliimba. Mwenye alikuwa anaanzisha wimbo alikuwa ndani.

Bwana yako alipata kikwembe yako na Biblia. Simu haikurudi. Na simu yako haikuwa na kode, juu wamama wote wa Pinga walikuwa wanaitumia. Ulisemaka: simu ya kanisa iko kama kanisa, haifungwake.

Ile juma yenyewe Mwalimu Dezire, ule shemasi wetu mwenye anafundishaka primere, alisema mu grupe: namba ya Faida itoke, hatujui nani iko nayo. Alisema na heshima. Miye nilijibu na hasira: Faida alifanya zambi gani ili tumutoshe? Papa Kalinda akasema amina. Watu wote wakasema amina. Mwalimu akaachia hapo. Ukabaki, na foto yako ya kitambala ya manjano, kati ya sisi wazima.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja nilikuwa naangalia nani hakusikia musitari, juu miye njo nilikuwa nautuma sasa. Sifa alinifundisha: unafinya odio muda murefu, majina inatoka, wale wenye wamesikia na saa yenye walisikia. Ninaangaliaka wenye hawakusikia, ili niulize kama wanagonjwa. Nikaona jina yako. Faida. Saa kumi na mbili na robo. Nilitupa simu ndani ya unga.

Nilimupigia bwana yako. Wewe njo uko na simu ya Faida? Akajibu pole pole: «Mama Sifa, ile simu ilienda na wale wenye walimuua. Unauliza juu ya nini?» Nilimuambia hapana kintu. Nikamuuliza kama watoto walikula.

Hapo njo zambi yangu inaanza. Nilijua, Faida. Muntu asikuambie ya kama Mama Sifa hakujua. Nilijua kwa masikio, bwana yako alinitajia wenye nayo, na nilienda ku ziwa na nguo za kufua, nikafungua ile fasi ya wewe na miye tu, nikakutumia odio. Nilisema: dada, alto inakimbia tena, hapana muntu wa kuikamata. Nikaangalia. Zile alama mbili zikageuka buluu.

Siku yenye ilifuata, tena. Na yenye ilifuata. Nilikuambia Faraja amekua, viatu vyake vinamufinya, na baba yake hajui kupika sombe, anaichemusha kama majani ya dawa. Nilikuambia ndoto zangu. Nilikuuliza umekula? Hukujibu kintu, lakini buluu ilikuja. Hata mvua ikinyesha ilikuja. Ilikuwa inanitosha. Ona hii neno. Ilikuwa inanitosha, ile ingine, ya kushiba.

Kule Walikale, kwa ukoo wa bwana yako, wazee wengine wanawekeaka wafu chakula kidogo mbele wao wenyewe kula, na ulinifundisha ya kama sisi wa kanisa hatufanyi ile. Nilikubali. Sikuweka chakula. Niliweka sauti, kila siku, na hapana muntu wa kanisa alijua, hata Sifa.

Sasa Mama Bora.

Shamba yake pale Karuba ilikuwa na viazi tayari, na mvua ilikuwa inaviozesha. Watoto wake walikuwa wanakula kwa jirani, unajua ginsi ile inauma. Akaamua kupanda kuchimba mufuko mumoja, yeye na Esta, binti ya dada yake. Alikuja kwangu siku moja mbele ya safari, akaketi ku mulango. «Mama Sifa, utie ombi yangu. Na uitie vizuri, vile Faida alitufundisha.» Nikashika simu, yeye ananiangalia. Nikasema: tuombee Mama Bora na Esta. Kesho saa mbili ya asubuhi watapita njia ya mikaratusi, wanaenda Karuba kuchimba viazi. Saa mbili sisi wote tupige magoti.

Nani, wapi, saa ngapi. Hapana kintu ilipungua.

Alifurahi. Alisema wewe, Faida, ulinifundisha vizuri. Alienda kutafuta mufuko.

Na miye, akishaenda, nikafungua ile fasi yetu. Nikakuambia: Faida, wewe uko karibu ya Mungu kuliko sisi. Kesho saa mbili, njia ya mikaratusi, Bora na Esta, uwaangalie, usiwaache peke yao. Nikangojea buluu. Ikakuja. Kisha ikakuja kintu yenye haikukujaka hata siku moja. Kidole. Ile kidole gumba ya manjano, imesimama.

Nilibusu simu. Ninakuandikia yote, ninaandika na hii: nilibusu simu.

Kesho yake saa mbili tulipiga magoti. Miye ku saruji, Sifa pembeni. Saa tano Esta akafika na kiatu kimoja. Hakulia. Nilimupa maji, alishika kikombe na hakunywa. Alisema: «Walituita majina, Mama Sifa. Walikuwa wameketi pembeni ya njia. Mumoja akauliza, nani njo Bora? Mumechelewa, mulisema saa mbili.» Nikamuuliza, na Bora? Esta akasema Bora alizania ni ndugu wa kanisa wametumwa kuwasindikiza. Alitabasamu. Alijibu: Niko.

Sijui ginsi ya kuandika nyuma ya ile.

Esta alikimbia mu mikaratusi. Bora tulimuleta siku yenye ilifuata, na ule mufuko mutupu umefungwa bado ku kiuno yake. Watoto wake watatu wako kwangu sasa. Wanakula. Yule mudogo anakula na kuficha kipande chini ya mukeka, namuachia.

Mwalimu Dezire aliomba simu yangu. Aliangalia mu grupe, akaona ginsi namba yako inasikia kila odio, tangu miezi. Hakufungua ile fasi yetu ya wawili, iko muntu wa heshima. Akawaambia wazee: njo hii. Na wao wakanigeukia na huruma. «Mama Sifa, usijipige. Wewe uko mama tu, hukusoma, hungejua.» Papa Muchungaji aliniwekea mukono ku kichwa. Walinisamehe juu ya kukosa masomo, na miye nilikubali na kichwa chini, kama muntu mwenye hajui.

Ona sasa kanisa yako ginsi iko. Asubuhi musitari unatumwa na hapana muntu anajibu Niko. Ile neno imekuwa na damu. Wengine wametoka wao wenyewe, mumoja mumoja, ile mama wa Goma wa kwanza. Kungojea wazee wakae, Mwalimu aliweka sheria mupya: hapana jina, hapana fasi, hapana saa. Maombi inasema tu: tuombee ndugu, tuombee njia. Juzi Papa Kalinda alituma odio, sauti ya muntu mwenye amechoka: «Ndugu gani? Njia gani? Sasa nipige magoti nikisema nini?»

Lakini kintu yenye inanila zaidi iko Esta. Watu wameanza. Wanasema ku kisima: sawa, namba ilikuwa inasikia. Lakini ilisikia miezi na miezi, tulitaja safari ngapi, na hapana kintu ilifanyika. Juu ya nini ile siku? Na juu ya nini yeye alirudi? Hapana muntu alimutosha Esta. Hapana mukutano ulikaa. Lakini siku ya Mungu yenye ilipita alienda mwenyewe kuketi ku benchi ya nyuma, karibu ya mulango, na watu wakapita na macho chini. Iko binti wa miaka kumi na tisa. Amekonda. Nilimupelekea viazi, akasema ameshiba, na nilijua hakushiba.

Na miye ninajua juu ya nini ile siku. Mu grupe walisikia safari nyingi, kati ya nyimbo na malaria na mumekula, labda hawakuweka hata sikio. Miye nilienda kugonga ku mulango yao. Niliwachagulia. Nikasema usiwaache peke yao. Na hawakuwaacha.

Leo mu mukutano Esta alikuwa inje, alipita na ndoo. Nilimuangalia mupaka akapita. Kisha Papa Kalinda akakuja kuketi pembeni yangu, alizania ninaogopa kukutosha wewe. Aliweka kofia ku goti. «Mama Sifa, ile siku ulinitosha, nilikufa?» Nikasema hapana. «Basi mutoshe Faida. Hakuingia mbinguni na namba ya simu.» Nilicheka kidogo, Faida. Mara ya kwanza tangu Bora afe.

Wazee wamepanga hivi. Nikishakutosha, kila muntu mwenye anabaki atatuma sauti yake, ataimba sehemu yake ya wimbo yenye ulitufundisha, soprano, alto, yenye iko yake. Sauti tunazijua. Namba yenye haitaimba itatoka. Mwalimu alisema odio zako za zamani zitabaki mu simu yangu, hazitoki na wewe. Nilimuuliza mara tatu. Zitabaki. Ile ya mwisho, unanikumbusha kumeza dawa ya presho, itabaki.

Mbele ya kuanza hii barua nilifungua ile fasi yetu. Sifa alinifundisha kufuta. Unafinya, inauliza, unakubali, inaenda yote: Faraja na viatu, sombe, ndoto, Bora, na ile kidole. Kidole yangu ilikuwa juu yake. Ningekuwa mama tu mwenye hakusoma, mupaka siku ya kufa. Watoto wa Bora wangeendelea kuniita mama, na hawangejua.

Sikufuta. Sikukuwa na nguvu kubwa, usizanie. Mutoto wa Bora aliingia kuniuliza kama nimekula.

Basi sikia ginsi nitafanya, nikuahidi, juu ahadi kwako sikuvunjaka. Saa kumi na mbili nitakutosha. Na hii kidole. Herufi za majivu zitaandika jina yangu na jina yako, na watu wote wataona, na haiko juu ya zambi yako. Kisha, mbele muntu yeyote hajaimba, nitatuma odio. Nitasema: miye nilijua. Nitasema miezi, nitasema ziwa, nitasema kidole. Nani, wapi, saa ngapi. Nitasema Esta hakuuza muntu. Dakika mbili, haitapita, juu ya mega. Nikimaliza nitamupa Mwalimu simu, afungue ile fasi, asikilize kama anataka, kisha anitoshe. Ataweza. Ile kutosha itakuwa ya kweli.

Na kesho iko siku ya Mungu. Nitaenda mapema nikae ku ile benchi ya nyuma, karibu ya mulango. Esta akifika nitamuambia: mutoto wangu, hii fasi iko yangu, wewe enda mbele, alto inakukosa. Watoto wa Bora nitawaambia mwenyewe, mukubwa kwanza, leo usiku, mbele hajasikia kwa watu. Kama wakikataa kula kwangu, nitapeleka sahani kwa jirani, wasijue imetoka wapi.

Hii barua nitaipa motari mwenye anaendaka Pinga. Ataipeleka kwa bwana yako. Yeye njo atakusomea pale, ku udongo, na atasikia yote na masikio yake, na aniambie yenye anataka. Nimuombe tu anunulie Faraja viatu vingine.

Faida. Sitakuuliza tena ku ile namba. Ninakuuliza hapa, mara ya mwisho: umekula? Lala sasa. Alto nitaikamata mwenyewe, kutoka ku benchi ya nyuma inasikika vizuri.

Sifa ameniletea simu. Saa imefika.

Niko.

Mama Sifa